Sisimizi wa Posa

Vita vilipokwisha nilirudi mtaani kwetu Kuze na sanduku la bati na jozi mbili za viatu, vipya na vikuukuu. Kazi ya reli ilikuwa imenizungusha: Voi, Kisumu, Kampala, kisha Voi tena. Pacha wangu hakuwahi kulala nje ya kisiwa chetu. Yeye ni fundi wa kanzu. Hukaa barazani na cherehani yake tangu asubuhi, na pembeni pake hapakosi sahani ya kaimati za shira. Tulipozaliwa, mama alimfunga mmoja wetu uzi mweusi mguuni ili asituchanganye. Sasa uzi haukuhitajika tena. Yeye alikuwa na tumbo, mimi nilikuwa na mbavu.

Nilikuja kula pilau ya harusi. Binti yake alikuwa ameposwa na kijana wa Bondeni. Lakini nilimkuta shemeji yangu amejiinamia. Daktari alikuwa amemwambia pacha wangu kwamba ana ugonjwa wa sukari, na habari zikafika Bondeni kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Wakwe watarajiwa wakaleta ujumbe: posa isimame, mpaka ijulikane kama maradhi hayo ni ya damu.

“Sukari yenyewe twapimiwa kwa kadi,” shemeji alilalama, “na mume wangu aimwaga chooni!”

Binti hakucheka. Alikuwa ameshadarizi foronya sita za chumba chake. Ya saba aliiacha mkekani na sindano imechomekwa katikati ya ua.

Alhamisi asubuhi akaja shangazi wa kijana, mwanamke ambaye macho yake yalikagua hata boriti za dari. Aliponiona alishika shavu.

“Ndiye pacha huyu? Mbona mmoja kaumuka na mmoja kanyauka?”

“Bi mkubwa, huko reli hakuna kaimati.”

Alicheka, kisha akakaza uso. “Basi Mungu ametuletea mizani. Nyinyi mmezaliwa na kondo moja, damu yenu ni moja. Ukiwa nawe una sukari, tutasema imo katika damu, na mtoto anayo. Kama huna, basi kuna jambo jingine lililoiamsha kwa mwenzako.”

“Na tutajuaje?”

“Kwani huku Kuze hamna sisimizi?”

Nilielewa. Mkojo wa mwenye sukari huwaita sisimizi; hilo kila nyumba ilijua. Shemeji aliona haya kunipa kopo mbele ya mgeni wa heshima, akanitolea kikombe cha kaure. Nikaingia chooni, nikatoka, tukakiweka uani kando ya ukuta. Kahawa haijamalizika, sisimizi walikuwa wamejipanga foleni kama watu wa kadi za sukari.

Binti alikimbilia chumbani. Pacha wangu, Mungu amsamehe, alinipiga bega kama aliyefurahi: “Karibu, ndugu yangu.”

Lakini shangazi aliinama, akatazama, akatazama tena. “Hawaingii ndani, watambaa nje tu, hapa ukingoni. Kikombe hiki kimenywewa nini?”

Shemeji aliangalia chini. “Sharubati. Nilikisuuza... mbiombio.”

“Lete vifuu viwili vya nazi, vikavu! Na huyo mgonjwa naye atie chake.”

Vikawekwa vifuu viwili, baina yao shibiri moja. Tulichutama wote kama watu wanaotazama bao. Msafara ulikuja, ukazunguka changu kama jiwe la njiani, ukapanda cha pacha wangu.

“Alhamdulillahi!” shemeji alipiga kigelegele cha kumshangilia shemejiye kwa mkojo.

Nilikumbuka chuoni kwa maalimu wa Kurani, tulivyosomea juzuu moja sisi wawili. Maandishi yalikuwa yaleyale, lakini mwenzangu alipenda kurudia kurasa fulani ambazo mimi nilizipita. Labda damu nayo imeandikwa mengi, na maisha ndiyo yanayochagua pa kufungua.

Nilipolisema hilo, shangazi alinikata. “Usijisifu. Ukurasa unao nawe, na mtoto anao. Umefungwa tu. Posa iendelee, lakini kwa sharti: mwari wetu asikalishwe ndani. Kila alasiri atakuja kwa miguu kumwamkua babake, na kaimati ni za sikukuu.”

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, mkono wa binti ukaivuta foronya ya saba kutoka mkekani.

Harusi ilifana. Nilikaa wiki tatu tu. Miguu ilianza kuniwasha kwa hamu ya safari. Siku ya kuondoka, binti alikuwa amekuja kumwamkua babake na sasa anarudi kwa mumewe. Pacha wangu aliacha cherehani, akasema atamsindikiza mpaka Bondeni, na atafanya hivyo kila siku. Hakuwa na viatu vya mwendo wa kila siku. Nikafungua sanduku nikampa vile vikuukuu vyangu.

Vilimkaa sawasawa, kana kwamba yeye ndiye aliyevichakaza.