Aliyeamriwa Kutangaza Kwamba Milima Ipo

Wasomaji wangu, yule mtaalamu wa hali ya hewa aliyekuwa jirani yangu hapa Goma amefariki. Tulimzika kijijini Kibumba Jumamosi, kando ya shamba lake la vitunguu. Na kwa kuwa siku hizi tumeruhusiwa tena hata kuvaa tai, tuliyokatazwa na chama miaka mingi, nadhani naweza kuwasimulia jinsi alivyoshtakiwa kwa kuiibia Zaire milima.

Alisomea Ulaya, akarudi na elimu ya kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya dunia nzima, na wakubwa wa mkoa wakamwita awaeleze. Akasema mashine hizo huigawa dunia katika miraba mipana, na mraba mmoja ulikuwa umemeza volkano zetu, ziwa na eneo lote la Masisi, ukavifanya tambarare moja iliyoinuka kidogo. Hapo ndipo kosa linapoanzia, alieleza, maana upepo ukigonga mlima hupanda juu sana, na unyevu wake huganda kuwa mawingu membamba ya barafu. Mawingu hayo huliachia jua lipite, lakini huzuia joto la ardhi lisitoroke, kama blanketi. Mashine isiyo na mlima haiyapati mawingu hayo, na hesabu yake ya joto hukosea. Mimi niliyekaa nyuma niliona ni maelezo mazuri. Mkubwa mmoja wa chama tawala alikuwa ameacha kusikiliza kwenye neno tambarare.

"Citoyen," akamwuliza, yaani raia, kama tulivyolazimishwa sote kuitana wakati huo, "nani alitoa milima ya Zaire?"

"Hakuna mutu aliitoa, Citoyen Commissaire. Mashini tu njo haiione."

"Na wewe uliona haiko, ukanyamaza?"

Akajibu kwamba hakunyamaza, ndiyo maana yuko pale akisema. Jibu hilo lilimpeleka kifungoni. Wapelelezi walitaka kujua ni nchi gani jirani iliyopewa volkano zetu, na lile blanketi lililetwa na nani. Mkewe alimpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila mchana, na walinzi waliichokora kwanza, nadhani wakitafuta Mikeno, mojawapo ya volkano zetu.

Alifunguliwa kwa sharti la kutangaza redioni kwamba milima yote ya taifa iko pahali pake. Aliitaja kwa upole, mmoja mmoja, na watu wa mtaa wetu wakatoka nje kuhakikisha. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, maana walimu wake wa Ulaya walikuwa wamemwita arudi wasaidiane kuifundisha mashine kuiona milima pamoja na mawingu yake, na wakubwa wakamnyima pasipoti, wasije wakaibiwa tena. Kazi nayo wakampokonya, akaenda kulima. Siku niliyomtembelea alinionyesha utando mweupe wa mawingu juu kabisa ya Mikeno, akasema polepole, "Papa, haya bado hayajaingia mu mashini."

Mtu akituonyesha kosa, sisi humkamata yeye, kwa sababu kosa halina mikono ya kutiwa pingu. Huyu tulimkamata vizuri sana. Kosa lenyewe, nasikia, bado liko kazini.