Bibi Mfaransa Hakuwa wa Wifi

Bi Dekio hakuwahi kumwonea wivu mumewe hata siku moja. "Mchukueni," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake, "mtamrudisha wenyewe." Wivu wake wote, na alikuwa nao wa kujaza pipa, aliuweka kwa mtu asiyewahi kumtia machoni: mama mmoja wa Kifaransa, mtengeneza filamu, aliyemwita Bibi Mfaransa.

Bi Dekio alikuwa mfagizi wa ukumbi wa sinema, huo ukiwa mwaka wake wa ishirini na mbili kazini. Filamu za Bibi Mfaransa hazina bastola, hazina busu, hazina kukimbizana. Mwanamke anaosha vyombo, basi anaosha mpaka kijiko cha mwisho, nawe utatazama. Watu huanza kutoka mmoja mmoja kama waliokumbuka wameacha chungu motoni. Bi Dekio aliwaonea huruma. Yale maandishi ya chini ya picha hakuyasoma, maana shule aliishia kuichungulia dirishani. Yeye alisoma mikono.

Walijuana hivi. Mwaka wake wa kwanza kazini, picha ilizimika, akajua imekwisha, akaingia na ndoo na ufagio mpaka katikati ya viti. Giza likakaa. Likakaa tena. Kisha zikasikika nyayo zikipanda ngazi, mlango ndani ya picha ukafunguka, mwanga ukaingia, na yule mwanamke aliyekwisha kuihama nyumba yake akarudi. Alirudi kufanya nini? Kusukuma kiti chini ya meza kikae sawa. Akakisukuma, akaenda zake. Mwisho.

Bi Dekio akaitua ndoo chini. "Aliyetengeneza hii," alisema kwa sauti, peke yake ukumbini, "amewahi kushika ufagio."

Tangu hapo Bibi Mfaransa akawa wake.

Kosa lake lilikuwa kumwambia wifi. Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye mkata tiketi wa ukumbi uleule, mwanamke wa miwani ya mnyororo na sauti ya kuazima. Bi Dekio alimsimulia yote, mikono, vijiko, ule utulivu usio na haraka. Mwezi haukwisha, akamsikia dirishani akimwambia mteja, "Huyu Mfaransa wangu, mtazame mikono. Mikono haidanganyi."

Mfaransa wangu! Bi Dekio alilikamua dekio mpaka likatoa maji ambayo halikuwa nayo.

Halafu Bibi Mfaransa akafariki, huko kwao, akiwa mzee. Meneja akatangaza kwamba Jumamosi alasiri wataonyesha ile filamu ya kiti kwa heshima yake, na mfanyakazi mmoja atamuaga marehemu kwa maneno machache jukwaani. Akamteua mkata tiketi. Alijua kusoma, na alikuwa na maneno mazuri sana kuhusu mikono.

Kuomba hakukuwamo katika mifupa ya Bi Dekio.

Ijumaa, wifi akamfuata kwenye chumba cha mafagio.

"Wifi, nisaidie mwenzio. Nipande jukwaani saa gani hasa? Ule mwisho sijauona, huwa niko nje nafungua milango."

"Hujauona, na Mfaransa ni wako?"

"Wewe nawe! Wivu utakuzeesha."

"Umechelewa, nilishazeeka. Picha ikiwa nyeusi, ndiyo imekwisha. Panda."

Hata jicho hakupepesa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wifi alivaa gauni jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Bi Dekio alikaa nyuma, mlangoni, ameegemea ufagio, kicheko kimeshaanza kumtekenya tumbo. Picha ikawa nyeusi. Viatu vya wifi, ko, ko, ko, vikapanda jukwaa.

"Mabibi na mabwana! Mpendwa wetu aliyetutoka..."

Wifi alisema, na alisema vizuri. Hapo ndipo kicheko kilipomkauka Bi Dekio. Kwenye giza lile, chini ya sauti ile, nyayo zilikuwa zinapanda ngazi, na hakuna aliyezisikia. Nyayo alizozingoja kwa miaka yote ile, na siku ya kumuaga mwenyewe, zimefunikwa na domo la wifi. Na nani amelipandisha domo hilo? Amemwaga mchuzi, na mchuzi ni wake.

Mlango ukafunguka. Mwanga ukamwangukia wifi, na yule mwanamke wa picha akapita juu ya gauni jeupe, akakisukuma kiti kikaenda kukaa sawa kifuani pa wifi. Wifi akageuka, mkono mdomoni. Akaketi palepale sakafuni kama mtoto mpaka taa zikawashwa.

"Samahanini," alisema, na sauti safari hii ilikuwa yake mwenyewe. "Sikujua. Hata hayo ya mikono si yangu. Ni ya wifi yangu, yule pale mwenye ufagio."

Vichwa vyote vikageuka. "Sema, mama!" mtu akapiga kelele. Ilikuwa nafasi ya kuungama, au ya kuringa.

"Mmezikosa nyayo," alisema Bi Dekio. "Meneja, rudisha mwisho. Na mara hii asiseme mtu."

Wakairudisha. Wifi akaja akaketi karibu naye, na giza lilipoingia akamnong'oneza, "Ulinifanyia makusudi."

"Nyamaza. Nyayo hizo."

Wakazisikiliza zote, mpaka ngazi ya juu.

Hajaungama mpaka leo, na hana mpango huo. Wala wivu haukumtoka, ila umehama. Jukwaa lile amelipiga deki miaka ishirini na miwili, na haikumpitia akilini hata mara moja kusimama kwenye ule mwanga. Wifi kasimama mara moja tu, na kiti kikawekwa kwake. Gauni lile hajalifua tangu siku hiyo, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila akienda kumtembelea, Bi Dekio hulitazama kwanza kabla hajamsalimia mwenye nyumba. Na yeye, asiyeweza kuona nguo chafu akanyamaza, hajawahi kusema lifuliwe.