Kiu ya Dada Zubeda

Ile asubuhi kipaza sauti cha msikiti wetu kilipowaita watu waje wapimwe, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Kisumu. Jamaa wa msikiti walikuwa wameleta madaktari, na ua ulijaa watu, hata majirani wetu Wakristo. Presha, sukari, macho, yote bure. Kwetu na pale ni kuvuka barabara tu.

Ndani alikuwa amelala dada yangu Zubeda, amekonda mpaka leso haishiki kiunoni. Na miaka ile ukikonda, watu hawakuulizi unaugua nini, wameshakupa ukimwi. Sisi wenyewe tulishampa, tukamficha. Kiu ndiyo iliyomtesa zaidi. Baba, maskini, alimletea soda kila jioni, maana hakuna kingine kilichomfurahisha.

"Mama, nipelekeni na mimi," Zubeda akasema aliposikia tangazo.

"Wakuone hivyo? Kesho watu wataongea nini?" Mama akatia mlango kufuli.

Hazikupita siku nyingi, tukamzika. Aliyekuja kumwosha ni Mama Hajira, yule aliyekuwa akipokea wagonjwa msikitini siku ile. Alipomaliza akamwita mama kando.

"Alikuwa anakunywa maji sana?"

"Sana. Na soda."

"Na chooni, sisimizi walikuwa wanajaa?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafagia wale sisimizi.

"Hiyo ilikuwa sukari, Mama Zubeda. Tungeipima pale pale." Kisha akapandwa na hasira, wallahi. "Na hata ingekuwa hiyo mnayoiogopa, si bado alikuwa mtoto wenu?"

Mama alianguka chini akalia vibaya. Chupa tupu za soda alizoleta baba zilikuwa bado nyuma ya mlango. Nilimchukia mama siku ile. Kumhurumia kulikuja baadaye sana.

Basi nakuomba, mwanangu. Mtu wako akiugua, usimtazame tu ukampa ugonjwa kwa macho. Mtoe nje mchana kweupe, apimwe, na watu waseme mpaka wachoke. Ugonjwa uwe wowote ule, akikuambia nipeleke, mshike mkono mwende.

Mungu akupe afya. Na siku utakapolala kitandani wewe, akujalie watu wasiokuonea aibu.