Mtu Tuliyemwita Jirani

Watu husema yule mtu alikuwa mjanja. Si kweli. Alichohitaji ni kupanga nyumba Kitengela, basi.

Aliishi mlango wa kulia kwangu, hapa mtaa wa Noonkopir, Kitengela, miaka mingi. Wapangaji wa ploti nzima tulimwita Jirani. Bomba likipasuka, yeye ndiye aliyelitengeneza. Polisi walipokuja wakitaja jina fulani, niliwaambia bila wasiwasi kwamba hatuna mtu kama huyo, na Jirani akawafungulia geti watoke.

Kisha mamangu akaja kutoka Kajiado. Kwetu Wamaasai salamu haiishi mpaka mtu aseme ni wa ukoo gani, babake ni nani na kwao ni wapi. Mama akamsalimia Jirani hivyo hivyo, chai ikiwa mkononi. Jirani akacheka, akasema anarudi sasa hivi. Hakurudi. Wiki hiyo polisi walikuja tena, safari hii na picha yake. Alikuwa ameua mtu.

Nilimpigia mama simu. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Na yule wa mlango wa kushoto, ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia huyo tunamwita Fundi.