Boito, Mirihi na Salamu za Dakika Ishirini

Nilikwenda nyumbani Boito kumwomba Baba ruhusa. Nilikuwa nimechaguliwa kuishi mwaka mzima ndani ya nyumba iliyofungwa, katika jangwa la ng'ambo, pamoja na watu watano nisiowajua, tukijizoeza maisha ya sayari ya Mirihi kabla binadamu hawajapelekwa huko kwenyewe. Mimi ni fundi wa mitambo ya maji, na hata Mirihi watu watakunywa maji. Jibu langu lilingojwa Jumatatu. Mama alishafariki, huu ni mwaka wa tatu, ndugu sina, na jambo kama hili haliambiwi mzee kwa simu.

Ijumaa asubuhi nilitoka Nairobi kwa matatu kupitia Narok. Ardhi ilikuwa kavu, vumbi limekaa hata juu ya majani ya migunga. Nikajiambia: kukavu kama hapa ndiko unakokimbilia, ila huko hutakuta hata mbuzi. Sikuwa na wa kumwambia, nikacheka peke yangu na abiria wa kando yangu akasogea kidogo.

Silibwet, alasiri, mvua ilinipokea. Niliingia dukani kwa Mama Wanjiru, aliyehamia hapa kutoka Nyeri zamani, kununua sukari na mkate.

"Wewe si ni wa yule mzee wa Boito?" akaniuliza. "Chukua mkate kubwa leo. Yeye siku hizi hununua ile ndogo, na ananiambia bado inakauka."

Nilichukua mkubwa, na njia nzima nikawa nauona ule mdogo.

Boito, jioni. Shamba la chai lilikuwa kijani kibichi hadi mtoni, na Baba alikuwa mlangoni, gambuti zake miguuni. Alinimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akangoja nimalize. Ndipo nikamweleza.

"Na huko simu inashika?"

"Inashika, Baba. Lakini kutoka Mirihi sauti inaweza kuchukua dakika ishirini kufika, na jibu lichukue zingine. Sisi tutakuwa hapa hapa duniani, lakini watatucheleweshea makusudi ili tuzoee."

Akafikiri. "Sasa mtu akisalimia na asijibiwe, si atajua umemkasirikia?"

Hakuwa akitania. Kwetu habari haianzi kabla salamu hazijaisha: wewe, watu wa huko, ng'ombe, mvua, kanisa. Nikamwambia ni kuvumilia tu.

"Kesho tujaribu," akasema. "Ndiyo nijue kama nitakuruhusu."

Jumamosi, umande ulipokauka, aliteremka na kikapu mgongoni hadi mwisho wa shamba, simu mfukoni. Mimi nilikaa jikoni. Tulikubaliana kutumiana sauti, na kila mmoja angoje dakika zake ishirini kabla ya kujibu.

"Chamgei, Chebet," ikaja ya kwanza.

Nikangoja, nikajibu, "Chamgei mising, Baba." Kisha kimya. Kisha, "Watu wa Nairobi wako aje?" Kimya tena. Tulipofikia salamu za ng'ombe jua lilikuwa limepanda na habari yenyewe hatujaigusa.

Ndipo ukaja ujumbe mrefu. Baba alikuwa amepata dawa ya mambo: aulize na ajijibu mwenyewe, salamu zote ziishe kwa safari moja.

"Chamgei, Chebet. Chamgei mising, Baba. Umekula? Nimekula. Huko kuna baridi? Kidogo tu."

Nilicheka sana. Nadhani alisahau kwamba simu bado inarekodi, kwa sababu nilisikia majani yakichunwa kwa muda, halafu sauti yake ikashuka.

"Takwenya," akasema. Akajijibu, "Igo."

Hiyo ni salamu anayopewa mwanamke. Mimi binti yake hajawahi kunisalimia hivyo. Alimsalimia Mama hivyo kila asubuhi, akitoka kukama.

"Umeamka aje? Nimeamka mzima. Mtoto amekuja. Nimemwona. Amekonda. Eeh, amekonda."

Niliusikiliza ujumbe hadi mwisho, na uji ukaungua mekoni.

Saa ya chakula aliporudi nilimwambia siendi popote. Akanawa mikono polepole.

"Ukae ufanye nini? Wewe uko Nairobi. Hata sasa hukai hapa."

"Nimekusikia ukiongea na Mama."

"Ukizoea mtu, mdomo inaenda yenyewe." Akavuta kiti. "Enda, mama. Wewe dakika ishirini utajibu. Mimi kuna mtu nasalimianga kila asubuhi, na hajibu."

Kisha akaniombea kama mtu wa kanisa, akamaliza kwa kunitemea mursik kidogo kifuani, kama baba yake alivyombariki. Nililia mbele yake na sikuona aibu.

Jumapili nilirudi kupitia Litein na Kericho. Chai ilikuwa pande zote mbili za barabara na hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake, kwa kuwa watu walikuwa kanisani. Kericho mjini, nikisubiri gari la Nakuru, niliwaandikia wenye mradi kwamba nimekubali. Nilidhani nitafurahi. Nilijisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia.

Sisi sita tutakaofungiwa jangwani tutakuwa na wataalamu wa kutuuliza kila asubuhi kama tumelala vizuri, na kuandika tunavyostahimili ukimya. Nilichojifunza ni kwamba Baba yumo katika jaribio hilohilo pale Boito, mwaka wa tatu sasa, na hakuna anayemuuliza.