Chombo cha Chini Bapa cha Mwanaima

Mwanaima wa Somanga hajui kuogelea, na bahari yenyewe haipendi. Chombo alichonacho alikipata kwa chuki, wala hafichi.

Mumewe Bakary alipofariki aliacha mashua yenye mkuku mrefu, ule uti unaozama chini ya chombo, iliyoundwa kwa fedha za korosho za Mwanaima, za shamba la kwao Milola. Matanga hata hayajaanuliwa, shemeji yake Rehani akaichukua. Akasema ni mali ya ukoo, na mjane arudi kwao akapalilie mikorosho. Sasa, huku pwani samaki wakishavuliwa hugawanywa, na sehemu moja ni ya chombo, yaani ya mwenye chombo. Miaka minne Rehani aliila sehemu hiyo peke yake, naye Mwanaima akakaa barabarani kukaanga samaki aliowanunua kutoka mashua yake mwenyewe. Ukitaka kujua uchungu, jaribu hilo.

Alinyamaza, ila macho hayakulala. Akaona kwamba siku za bamvua, maji yakitoka sana, mashua ya Rehani haiwezi kupita mlango wa bandari kwa sababu ya ule mkuku. Hungoja nje mpaka maji yarudi. Na gari la barafu linalobeba samaki huondoka kabla ya adhuhuri, halimsubiri mtu.

Korosho zilipokubali, akamwendea fundi Ismaili, mzee aliyeunda nusu ya vyombo vya pale.

“Shikamoo, fundi. Nataka chombo cha chini bapa.”

“Marahaba, mwanangu. Utavua wapi?”

“Anakovua Rehani.”

Mzee akaweka tezo chini. “Kule nje kuna mawimbi. Cha chini bapa ni cha huku ndani, kule kitawapiga viuno mpaka mkome. Chombo huchaguliwa kwa bahari, mwanangu, si kwa mtu.”

“Mimi nachagua kwa mtu.”

Fundi akaguna, akachukua kipimo chake.

Siku ya bamvua Mwanaima alipanda mwenyewe, pamoja na nahodha wake Huseni. Kila wimbi lilimfika kwenye meno. Akatapika mpaka nyongo, akajifuta kwa ncha ya khanga, wala hakujuta. Walipata samaki wachache tu. Lakini waliporudi, jua likiwa limepanda, mashua ya Rehani ilikuwa imekwama mlangoni, imejaa changu hadi pomoni. Wao wakaja wakiteleza juu ya maji ya magotini.

“Shemeji,” Rehani akaita, “tusaidiane. Nipelekee samaki, gari linaondoka.”

“Sema kwanza hiyo mashua ni ya nani.”

Mabaharia wake watano wakamgeukia. Rehani akalitazama jua, akawatazama samaki.

“Ya marehemu,” akasema. “Na yako.”

Maneno hayo aliyangoja miaka minne, na yalikuwa matamu kuliko alivyodhani. Hayakumshibisha.

“Jamani, gaweni hapo hapo,” akawaambia mabaharia. “Sehemu zenu pakieni humu, nitazifikisha. Sehemu ya chombo ibaki juani.”

Wakapakia haraka, bila kumwangalia Rehani. Yeye alibaki kashika ukingo wa mashua.

“Lakini shemeji, si nimeshakiri? Hawa samaki ni wako pia.”

“Ni wangu,” Mwanaima akasema, “na nimeridhia waoze.”

Akamwashiria Huseni asukume chombo kwa upondo.