Afande wa getini aliyeandika choo cha paka wangu kwenye daftari la ulinzi, Dubai

Habari za humu wakuu.

Leo nimekumbuka kitu nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka kidogo. Nakiandika kama kilivyokuwa, bila chumvi. Msiopenda paka nivumilieni.

Mimi ni nesi. Mwaka 2014 nilikuwa Dubai nafanya kazi za mikataba mifupi. Wakala anakupeleka kliniki ya Al Barsha wiki sita, ukitoka hapo anakutupa nyumbani kwa mgonjwa miezi miwili. Maisha ya begi.

Begi langu lilikuwa na mwenzake: Kashata, paka dume, rangi ya karanga, niliyemwokota mtaa wa Karama nilikokuwa nimepanga kitanda kwenye chumba cha watu wengi. Kila nikihama, naye kwenye boksi lake twende.

Wenzangu walinicheka sana. Ila ukitoka shift ya masaa kumi na mbili ukute kuna anayekusubiri mlangoni, utanielewa.

Basi nikapata kazi ya kulala hukohuko, kumuuguza bibi mmoja wa Kiarabu. Binti yake, ndiye madam, akasema paka haingii ndani, mama ana kifua. Akae getini kwa mlinzi.

Mlinzi alikuwa Mganda, mtu mzima, tukimwita Afande Wasswa. Huyu bwana alikuwa na daftari la geti, na aliandika KILA KITU, kwa Kiingereza, hapa nawatafsiria. Gari la maji limeingia. Gari la maji limetoka. Siku ya kwanza nachungulia nakuta: "Paka mmoja ameingia, wa Sister."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe ndiyo kwanza ameanza. Kashata akila, imo. Akienda kwenye mchanga wake wa choo, imo, na saa yake.

Nikamtania, "Afande, na akipiga chafya?"

Hakucheka. "Sister, kitu iko kwa geti yangu, naandika."

Wiki ya tatu, mchana, nikashuka kumpa chakula. Kashata kanigeuzia mgongo. Nikasema leo kanuna, joto hili nalo. Nikamwachia sahani nikageuka zangu.

Afande akaniita. "Sister, ngoja. Kwanza soma hapa."

Ukurasa mzima, tangu jana jioni. Paka ameingia kwenye mchanga, hakutoa kitu. Tena. Tena. Mara tisa.

Wakuu, nilielewa hapohapo. Paka dume akizibwa mkojo hana siku nyingi, anakufa. Na mimi kule juu kila baada ya saa nne napima mkojo wa bibi, naandika kwenye chati kwa mwandiko mzuri kabisa! Mnyama wangu mwenyewe nimemwona kanuna. Niliona aibu sijawahi.

Shida ikawa, siwezi kuondoka. Nesi ukimwacha mgonjwa bila wa kukupokea, khalas, mkataba umekwisha, na ni haki yao. Afande naye haachi geti. Nikapanda kwa madam, nikampa lile daftari. Nilijua nafukuzwa.

Akasoma mpaka mwisho. "Nani ameandika haya?"

Nikamwambia.

"Yalla, nenda na dereva. Mimi nitakaa na mama. Nielekeze tu cha kufanya."

Daktari wa wanyama alimwekea Kashata mpira wa mkojo. Mimi niliyewawekea watu mipira hiyo miaka nenda rudi, nilishika ukuta nalia kama mtoto. Daktari akaniambia ningesubiri hadi kesho yake, ningemletea maiti.

Niliporudi nikakuta madam kaijaza chati ya bibi, hajaruka hata mstari.

Nilichojifunza? Unaweza kuwa fundi wa kuangalia vya watu, vyako ukavipita. Na wanaokuangalizia vyako ni walewale unaowapita getini bila salamu. Mimi simpiti mlinzi tena, popote nilipo. Mungu ambariki yule mzee.

Nanyi mlioishi ugenini, nani aliwahi kukuangalizia chako bila kuombwa? Mtajeni hapa chini tumshukuru pamoja.

Mkataba ulipoisha nilienda kumuaga. Akanisimamisha getini na boksi langu mkononi, aandike kwanza. Niliupiga picha mstari ule, ninao mpaka leo:

"Sister ametoka. Paka mmoja ametoka. Asubuhi amekojoa vizuri."